UZI: CNC yangu ya 3018 inahama upande wa Y, mbao tatu za bao zimeshaharibika, wakuu naombeni msaada

Bin_Randa

Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisaidie maana nimehangaika na hii kitu wiki ya pili sasa na mninga wenyewe siku hizi si wa kuchezea.

Nina ile CNC ndogo ya 3018 (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), ile ambayo meza ndo inakwenda mbele na nyuma kwa Y, spindo (mota inayozungusha biti) inakwenda kushoto na kulia kwa X. Bodi ina GRBL 1.1 (programu inayoendesha mota za mashine), spindo ni mota ya 775 na koleti ya ER11 (kibanio cha biti), natumia laptopu na programu ya UGS kutuma kazi. Niliinunua mkononi kwa mtu, nikaifungua yote, nikasafisha, nikaifunga upya. Miezi miwili nimekata vibao vya namba za nyumba na majina ya milangoni, MDF na mbao laini, haikuwahi kunisumbua.

Sasa nikaamua kutengeneza bao. Bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32, safu nne za manane manane, na kati yao zile nyumba mbili za mraba. Nimechora kwenye FreeCAD, shimo upana 30 mm na kina 12 mm, kutoka katikati ya shimo mpaka katikati ya jirani yake 35 mm kwa urefu na 42 mm kati ya safu na safu, kwa hiyo linaenea kwenye eneo la mashine bila kubanana. Biti ni ya 6 mm yenye ncha ya mviringo, meno mawili, fidi (mwendo wa kukata) milimita 600 kwa dakika, inashuka 1 mm kila raundi.

Safu ya kwanza inatoka safi mpaka raha. Ya pili imesogea kidogo kuja kwangu, ya tatu imesogea zaidi, ya nne ndo kabisa. Nimepima kwa vernia: kati ya safu ya kwanza na ya pili badala ya 42 napata 41.1, inayofuata 40.8, ya mwisho 41.1. Yani jumla imekula 3 mm. Na ukipitisha kidole ndani ya baadhi ya mashimo unakuta kuna kingazi, kama vile biti ilihama katikati ya kazi. Upande wa X ni 35 kamili kila mahali.

Nilichofanya: nikapiga hesabu, wastani wa vipimo vyangu ni 41 badala ya 42, kwa hiyo nikachukua $101 (hatua za mota kwa kila milimita ya Y) iliyokuwa 800 nikazidisha kwa 42 nikagawa kwa 41, nikaweka 820. Nikakata mbao ya tatu. Imekuwa mbaya kuliko mwanzo, sasa hata mashimo ya safu ya kwanza si duara tena.

Nimekwama wapi?

KijanaMapanga

Mkuu punguza $121, hiyo acceleration (kasi ya kuongeza mwendo) yako ya Y itakuwa kubwa, stepa mota inaruka hatua. Tuma $$ (orodha ya mipangilio) yote tuione.

Bin_Randa

@KijanaMapanga hii hapa mkuu. $100=800, $101=820, $102=800, $110 na $111 ni 1500, $112 ni 800, $120 na $121 ni 50, $122 ni 30. $1 ni 25. Hizo acceleration zilikuwa hivyo hivyo tangu naikata MDF.

KijanaMapanga

Daah, 50 si kubwa. Basi itakuwa kitu kingine. Ila jaribu hata 20 uone.

Mpimaji

Ndugu yangu Bin_Randa, kwanza kabisa rudisha $101 kwenye 800, leo hii, kabla hujalala. Nakuelezea kwa nini maana hili kosa naliona kila siku na linawapotezea watu mbao nyingi sana.

Mota yako inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva (kifaa cha bodi kinachoendesha mota) imegawa kila hatua mara 16, hiyo ni 3200. Skrubu ndefu ya mashine yako ikizunguka mara moja inasogeza meza 4 mm. 3200 gawanya kwa 4 ni 800. Hiyo namba imetoka kwenye chuma, haibadiliki kwa sababu mbao imetoka vibaya. Skrubu ya namna hiyo inaweza kuwa na tofauti ndogo sana, labda nusu milimita kwenye meza nzima kama ni ya bei ya chini, lakini haiwezi kukudanganya 1 mm kwenye 42. Ukiona upungufu mkubwa hivyo jua kuna kitu kinateleza, na ukibadilisha namba unakuwa umefunika kidonda kwa shuka.

Na ushahidi unao mwenyewe. Hebu pima mashimo ya safu ya kwanza kwenye mbao ya kwanza, ile ya 800, alafu upime ya mbao ya tatu. Nitashangaa kama ya kwanza si 30 kwa 30 na ya tatu haijawa ndefu kwa upande wa Y kama 30.7 hivi.

Pili, tofautisha mlegeo na hatua zilizopotea. Mlegeo ni ule mchezo kati ya nati na skrubu, meza ikibadili upande inachelewa kidogo ndo ianze kwenda. Mlegeo haujumliki. Ukienda ukarudi mara mia utakuta kosa ni lile lile la mara ya kwanza. Wewe kosa lako linakua kila safu, maana yake kuna mahali mota inazunguka meza haiendi, au bodi inaagiza mota haizunguki. Ni moja kati ya hayo mawili, na yote yanapimika.

Fanya hivi. Chomoa spindo, hatukati kitu. Chukua kalamu ya maki, chora mstari mmoja mwembamba ulionyooka unaoanzia kwenye shafti ya mota ya Y, unapita juu ya kaplingi (kiungio cha shafti na skrubu), unaishia kwenye skrubu ndefu. Mstari mmoja, usikatike. Funga mbao nzito mezani kama ile unayokata, na jiliwa lako kama unatumia. Weka alama pia mezani kwa penseli mahali ilipo. Alafu iendeshe Y mbele na nyuma 100 mm, mara 50, kwa fidi ile ile na nyingine kwa G0 (mwendo wa kasi bila kukata). Ikimaliza angalia mstari kwanza, alama ya meza baadaye. Mstari ukiwa mzima na alama imehama, shida ni umeme, draiva au mota. Mstari ukikatika, shida ni chuma.

Usibadilishe kitu kingine chochote mpaka umefanya hilo. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

FundiUmeme254

Niko Nairobi, mimi nafanya repea za elektroniki. Mpimaji amesema ukweli lakini hebu pia ucheck draiva boss, hiyo ni kazi ya dakika tano. Mashine zikifunguliwa na mtu mwingine kabla yako huwezi jua nani alizungusha nini. Kama draiva ni ya aina ya A4988 kuna kile kiskrubu kidogo juu yake cha kurekebisha ampea. Weka maltimita kwa DC, nyeusi kwa graundi, nyekundu iguse hicho kiskrubu. Angalia zile rezista mbili ndogo karibu na chipu, zikiwa zimeandikwa R100 basi ampea ni ile volti uliyosoma gawanya kwa 0.8. Ukisoma 0.8 hiyo ni ampea moja, inatosha kwa mota za hizo mashine. Ukikuta 0.4 hapo kwa Y basi ndio hiyo, mota haina nguvu na ikibeba mzigo inaruka.

Tafadhali usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka. Draiva inakufa hapo hapo. Nimezika nyingi za watu walifanya hivyo.

Alafu gusa draiva baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa moto wa kuchoma kidole inajizima yenyewe kidogo kidogo na unapoteza hatua bila kujua. Weka feni.

Kisarawe_Mbao

Bro uza hiyo ununue kubwa yenye mota kubwa za NEMA 23. Hizi ndogo ni za kuchezea.

Mpimaji

@Kisarawe_Mbao hapana ndugu. Amekata nayo miezi miwili, na X inampa 35 kamili kwenye mninga. Mashine inaweza. Shida iko mahali pamoja na tutaikuta.

Bin_Randa

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, kazini palibana. Naandika yote niliyoyaona.

Kwanza Mpimaji, umesema kweli mpaka nimeogopa. Mbao ya kwanza, shimo la kwanza safu ya kwanza ni 30.0 kwa X na 30.1 kwa Y. Mbao ya tatu, ile ya 820, ni 30.0 kwa X na 30.7 kwa Y. Nimerudisha 800.

Nikapima draiva. X ni 0.80, Z ni 0.78, Y ni 0.52! Nikafurahi nikajua nimepata. Nikapandisha Y ikafika 0.80 kwa bisibisi ya seramiki. Hapo nilitaka kukata mbao nyingine moja kwa moja, nikakumbuka lile neno la kitu kimoja kwa wakati mmoja, nikachora mstari kwanza.

Jamani. Nikaiendesha mara 50 na gogo la mninga juu yake. Mota ilikuwa haitetemeki, haitoi ile sauti ya kuruka, inazunguka vizuri tu. Ikaisha nikainama na tochi ya simu. Mstari upande wa skrubu ndefu umeungana na kaplingi vizuri kabisa. Upande wa mota umekatika. Alama ya shafti imebaki nyuma ya alama ya kaplingi kama upana wa punje ya mchele. Nikasema labda nimeona vibaya, nikafuta nikachora upya, nikarudia mara 50. Imekatika tena, upande ule ule.

Yani shafti ya mota ilikuwa inazunguka ndani ya kaplingi kidogo kidogo! Kwenye MDF mzigo ulikuwa mwepesi haikuonekana, nilipoweka gogo la mninga na jiliwa ndo ikaanza kuteleza. Na kwa sababu jikodi yangu (faili la maagizo ya mashine) ina zile safari ndefu za G0 za kurudi upande mmoja, ilikuwa inateleza zaidi kwa upande huo ndo maana kila safu inakuja kwangu.

Nikafungua. Kaplingi ina skrubu ndogo mbili zisizo na kichwa upande wa mota. Moja ilikuwa imelegea. Nyingine nyuzi zake zimekwisha, unazungusha haishiki. Hiyo ya pili nadhani niliiua mimi nilipokuwa nafunga mashine upya, niliikaza sana.

Mpimaji

Vizuri sana! Sasa usikaze tu ukaondoka. Shafti ya mota hiyo ni 5 mm, skrubu ndefu ni 8 mm, kwa hiyo tafuta kaplingi mpya ya 5 kwa 8, haina gharama kubwa. Ukiipata ile inayobana pande zote kwa bolti, ambayo ina mkato mmoja ubavuni, hiyo ni bora kuliko ya skrubu ndogo, inakumbatia shafti yote.

Ukikosa, ukabaki na ya skrubu ndogo, angalia shafti ya mota kama ni duara tupu. Ikiwa duara, chukua tupa ndogo ulipige bapa mahali skrubu inapokaa, kidogo tu, kama nusu milimita. Funika mota kwa kitambaa unapopiga tupa maana chembe za chuma zinavutwa na sumaku zikaingia ndani. Skrubu ikikaa kwenye bapa haina pa kutelezea. Safisha nyuzi kwa spiriti, tia tone la Loctite 243 ile ya bluu, kaza kwa ufunguo wa L mpaka ikatae, basi. Usitie ile nyekundu, siku ukitaka kufungua utalia.

Na ukishafunga acha pengo dogo kati ya ncha ya shafti na ncha ya skrubu ndefu ndani ya kaplingi.

Bin_Randa

Nimezunguka Kariakoo nikapata ya kubana kwa bolti, 5 kwa 8. Nimefunga. Nimechora mstari, nimeendesha mara 200, MARA 200 wakuu, mstari mmoja umenyooka kama ulivyochorwa. Alama ya meza imerudi pale pale. Kesho nakata.

KijanaMapanga

Safi sana mkuu. Mimi nimeenda kuchora mistari kwenye yangu zote tatu baada ya kusoma huu uzi. Ya Z imekatika kidogo. Nilikuwa najiuliza kwa nini maandishi yangu yanakuwa na kina tofauti mwanzo na mwisho, kumbe.

Bin_Randa

Wakuu nimekata leo. Safu ya kwanza na ya pili 42.0 juu ya alama. Nimefurahi sana. Lakini katikati ya safu ya tatu mashine imesimama ghafla, UGS imeandika mawasiliano yamekatika, spindo imesimama na biti iko ndani ya mbao. Nikaunganisha tena, nikaweka sifuri upya kwa macho, imetoka na kosa kama nusu milimita. Mbao ya nne hiyo.

Nilichogundua, ilisimama sekunde ile ile nilipowasha vakyumu kunyonya vumbi. Nikajaribu bila kukata, mashine inakwenda hewani, nikawasha nikazima vakyumu mara kumi, imekatika mara tatu.

Mwanamkasi

Assalaam aleikum nyote. Kaka Bin_Randa pole, hiyo ya vakyumu naijua vizuri, imenitesa mwaka mzima huku Mombasa.

Mambo mawili yanakutokea kwa pamoja. Mota ya vakyumu ikiwaka inarusha kelele ya umeme kwenye waya ule ule wa ukutani. Na bomba la plastiki likipitisha vumbi kavu linajijaza umeme tuli, ukigusa unapigwa, wakati mwingine haukupigi wewe unaruka kwenye mashine. Waya wa USB ndio mnyonge wa kwanza, unakata.

Mie nilifanya hivi. Vakyumu nikaipeleka soketi ya ukuta mwingine kabisa, isitumie ekstensheni moja na mashine. Waya wa USB nikaacha ule wa mita tatu nikachukua mfupi wenye lile fundo la feraiti karibu na ncha, na nikaupitisha mbali na waya za spindo. Fremu ya mashine, zile alumini, nikaziunganisha kwa waya mpaka kwenye ethi ya nyumba, ethi ya kweli siyo ile ya plagi yenye pini ya plastiki. Na bomba la vakyumu nikalizungushia waya wa shaba usio na ganda kutoka mdomoni mpaka mwisho, nao nikaufunga kwenye ethi ile ile. Kwenye miguu ya mota ya 775 fundi aliniunganishia kapasita ndogo ya 0.1 mikrofaradi, ile inapunguza kelele ya brashi.

Tangu hapo sijakatikiwa. Lakini anza na soketi na ethi kwanza, vingine fuatiliza.

Kama mnataka kujua naikatia nini, mie nachonga vipande vidogo vya nakshi kama zile za milango ya mji wa kale, maua na mizunguko, kwa ajili ya fremu za vioo. Mashine inanitoa kwenye kazi ya kuchimba tu, inashuka milimita tatu nne hivi. Kingo zote namalizia kwa patasi kwa mkono. Ukiacha ilivyotoka mashinani unaona ile michirizi ya biti, na nakshi haina uhai, jicho linajua. Babu yangu alikuwa fundi nakshi na sitaki jina lake livunjike mikononi mwangu, kwa hiyo siku mbili za mashine nazifuatishia siku tatu za patasi.

FundiUmeme254

Huyu dada amemaliza. Naongeza tu kwa laptopu, enda kwa mipangilio ya pawa uzime ile ya kuzima USB yenyewe ikikaa. Na usiache laptopu ilale. Nimeona kazi ya masaa sita imekufa juu laptopu ililala.

Mpimaji

Na mimi naongeza jambo la umeme kukatika, maana bao moja kwa vipimo vyako ni kama saa tano za kukata na kwetu saa tano bila umeme kukatika ni bahati.

Usikate bao kwa faili moja. Gawa jikodi iwe faili nne, safu moja faili moja. Likitokea la kutokea umepoteza safu moja na unajua pa kuanzia.

Sifuri yako (mahali mashine inapoanzia kupima) iweke kwa G54, kwa amri ya G10 L20 P1. Hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu ya bodi, inabaki hata umeme ukienda. Kuna programu zinatumia G92, hiyo inapotea bodi ikizima. Lakini angalia, mashine yako haina limiti swichi (swichi za mwisho wa safari ya meza na spindo), kwa hiyo hata G54 ikibaki, bodi ikiwaka inadhani pale ilipo ndo mwanzo. Ukifunga swichi tatu ukawasha $22=1, utapiga $H mashine inarudi kona yake alafu sifuri yako ya G54 inakuwa pale pale. Swichi ni vitu rahisi, nunua.

Kwa sasa kabla hujazifunga, fanya kienyeji. Kabla ya kuanza kukata, toboa kwa mashine yenyewe vitundu viwili vya 3 mm kwenye ubao wa chini ulioukaza mezani, nje ya mbao ya bao, na uandike viwianishi vyake kwa penseli pembeni. Umeme ukirudi, funga kipini cha 3 mm kwenye koleti, kisogeze mpaka kiingie kwenye kitundu bila kusukuma, ukifika hapo mwambie GRBL uko kwenye viwianishi vile. Hakiki na kitundu cha pili. Utakuwa ndani ya sehemu ya kumi ya milimita, siyo nusu milimita ya macho.

Bin_Randa

Asanteni sana, dada Mwanamkasi, Mpimaji, FundiUmeme. Hii nyumba niliyopanga soketi zake hazina ethi, nimemwita fundi umeme amechimbia fimbo nje na kuvuta waya. Nimezungushia bomba waya wa shaba. Vakyumu imehamia soketi ya sebuleni. Nimewasha nikazima mara thelathini mashine ikitembea, haikukatika hata mara moja.

Nimekata mbao ya tano jana, faili nne, na vitundu viwili nilivitoboa. Umeme ulikatika safu ya pili, kweli! Uliporudi nimetumia kipini, imeendelea kama haikutokea kitu, hata ukitafuta kingazi kwa ukucha hukipati. Safu zote 42.0, ya mwisho 41.9. Pembe za nyumba zile za mraba biti ya mviringo haiwezi kuzifikia, nimezichonga kwa patasi ya 6 mm. Nimepiga msasa 120 mpaka 240, mafuta ya kitani mara mbili. Ule wekundu wa mninga ukitoka pale kwenye mafuta, weee.

Nikalipeleka barazani kwa mzee mmoja jirani, huyo amecheza bao tangu utoto. Nikaliweka mbele yake. Hakusema kitu. Akapitisha vidole ndani ya mashimo moja moja, akanyanyua mkono akaniambia mashimo mazuri, mkono unaingia na kete zinachoteka. Akachukua komwe akaanza kupanga, sita kwenye nyumba yake, mbili, mbili, kwenye mashimo mawili ya kulia. Akanyoosha mkono upande wa pili apange za mwenzake. Akasimama. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumba ya mwenzangu umeiweka wapi hapa?"

Nimeziweka nyumba mbili zinatazamana uso kwa uso. Nilichora nusu ya bao nikaigeuza kama kwenye kioo. Kumbe nyumba ni shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako wewe mchezaji, kwenye safu ya ndani, na mwenzako naye anahesabu kutoka kushoto kwake akiwa amekaa upande wa pili. Kwa hiyo haziwezi kutazamana, zinapishana kwa shimo moja. Nilitakiwa nizungushe nusu ya chini nyuzi 180, siyo kuigeuza kioo.

Mashine haikukosea hata sehemu ya milimita.

Mwanamkasi

Subhanallah. Pole kaka. Lakini hiyo mbao ya tano si ya kutupa, kaa nayo. Nyumba ni mraba juu ya shimo la mviringo, kwa hiyo ile moja iliyokosewa unaweza kuipachika kipande cha mninga huo huo ukachonga upya? Kata kiraka cha mraba kwa mashine, nyuzi za mbao zielekee upande ule ule, gundi, alafu ukate shimo la kawaida juu yake. Na shimo la jirani unalipa pembe kwa patasi. Mie nimeziba hivyo nakshi iliyovunjika na mteja hakuona.

Mpimaji

Wazo zuri la dada. Kiraka kiwe kikubwa kwa 0.1 mm kuliko tundu lake, kiingie kwa kugongwa na nyundo ya mpira. Na vitundu vyako viwili bado viko kwenye ubao wa chini, kwa hiyo ukirudisha bao pale pale unajua sifuri iko wapi. Hiyo ndo faida yake nyingine.

Na vaa barakoa unapopiga msasa mninga. Vumbi lake linabana kifua, nina rafiki fundi ameacha kuutumia kabisa kwa sababu hiyo.

Bin_Randa

Nimefanya alivyosema dada Mwanamkasi. Kiraka nimekikata 34.1 kwa tundu la 34.0, kimeingia kwa nyundo, gundi nimeacha usiku mzima, asubuhi nikarudisha bao mezani, kipini kwenye vitundu, nikakata shimo la duara juu ya kiraka. Ukilitazama kwa mwanga wa pembeni unaona mstari mwembamba kama unywele, ukilitazama kwa juu huoni.

Nimelirudisha barazani jana baada ya alasiri. Mzee amechukua kete 32 za upande wake na mwenzake 32 za kwake, wamecheza mpaka adhana ya magharibi. Ameniomba la pili, la mkwe wake Tanga, na amesema mashimo ya safu ya nje niyape kina zaidi kidogo maana ndiko kete zinakolundikana.

KijanaMapanga

Mkuu hongera sana. Faili zako utatupa? Na fidi umebaki na 600 ile ile kwenye mninga?

Bin_Randa

Ile ile 600, spindo kama mizunguko 10,000 kwa dakika, meno mawili, yani kila jino linakula 0.03 mm. Nilijaribu 900 ikaanza kulia, nikarudi. Kushuka 1 mm kila raundi, raundi ya mwisho nimeacha 0.3 ya kumalizia. Kila shimo ni dakika tisa kumi hivi.

Faili nazirekebisha kwanza, nyumba zipishane na safu za nje niziongeze kina mpaka 14 kama mzee alivyosema, alafu naziweka hapa Jumamosi zote nne pamoja na ile ya vitundu. Atakayekata achore mstari kwenye kaplingi zake kwanza.